Kifua kinachokua: dhana potofu na ukweli kwa anayetumia homoni za kike

Nimekaa nyuma ya kaunta ya duka la dawa mjini Mtwara kwa miaka mingi, na kwa muda huo nimejifunza kumtambua mteja anayesubiri wenzake waondoke ndipo aseme shida yake. Wengi wao huwa wamefuata dawa za magonjwa ya zinaa. Wachache huulizia vidonge vya majira, husema wametumwa na dada, kisha huuliza jambo ambalo dada asingeuliza: je, vikimezwa viwili kwa siku, kifua hutoka upesi zaidi? Huyo ni mtu aliyezaliwa akahesabiwa mwanamume, ambaye sasa anaubadili mwili wake uwe wa kike huku akiendelea kuishi na kufanya kazi miongoni mwa watu wanaomwita kaka, mjomba au fundi. Kwa hali ilivyo huku kwetu, mpito wa namna hiyo hufanyika kwa siri, mara nyingi bila daktari, na mahali palipopaswa kuwa na maelezo ya kitaalamu hujazwa na maneno ya vijiweni.

"Ukizidisha dozi, matiti hutoka haraka na huwa makubwa"

Hii ndiyo dhana inayonitia hofu kuliko zote, kwa hiyo nitaanza nayo. Ukuaji wa matiti una kalenda yake, na kalenda hiyo haisukumwi. Mtu anapoanza estrojeni, yaani homoni ya kike, dalili ya kwanza kwa kawaida hujitokeza kati ya mwezi wa tatu na wa sita: nyuma ya chuchu hutokea donge dogo gumu, lenye ukubwa unaokaribia korosho iliyobanguliwa, nalo huuma hata likiguswa na shati tu. Mara nyingi upande mmoja hutangulia mwingine, jambo ambalo huwatokea pia wasichana wanaovunja ungo, na wala si ugonjwa. Baada ya hapo ukuaji huendelea polepole kwa miaka miwili au mitatu, na kwa wengine zaidi ya hapo.

Katika utafiti uliochapishwa 2018, wanawake 229 waliobadili jinsia walipimwa katika vituo vya Ulaya kwa mwaka wao wa kwanza wa homoni. Tofauti kati ya mzunguko wa kifua penye chuchu na mzunguko wa chini ya matiti ilikuwa wastani wa sentimita 7.9, na karibu nusu yao hawakufikia hata saizi ndogo kabisa ya sidiria. La muhimu zaidi ni kwamba kiwango cha estrojeni kilichopimwa katika damu hakikuonyesha nani angepata kifua kikubwa na nani angepata kidogo. Kwa maneno mengine, anayemeza vidonge vinne badala ya kimoja hanunui kifua cha ziada.

Anachonunua ni hatari ya damu kuganda. Vidonge vya majira vilivyozoeleka vina aina ya estrojeni iitwayo ethinilestradioli, ambayo ina nguvu kubwa katika ini na huifanya damu igande kwa urahisi. Ndiyo sababu wataalamu wa tiba hii waliiacha zamani, wakachagua estradioli inayofanana na ile ya mwili wenyewe. Hatari huongezeka kwa mvutaji wa sigara na kwa mtu anayekaa kitako muda mrefu. Anayesafiri kwa basi kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam huku akitumia dawa hizi ashuke basi linaposimama Nangurukuru, atembee, anywe maji, wala asilale safari nzima magoti yakiwa yamekunjwa. Mguu mmoja ukivimba na kuuma kwenye shavu la mguu, au pumzi ikikata ghafla pamoja na maumivu ya kifua, hiyo ni safari ya hospitali wakati huohuo, si ya kusubiri kesho.

Nao wanaochoma sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu wakidhani ni "sindano ya kifua" wajue kwamba haina estrojeni hata chembe.

"Ukiyafunga kwa bandeji usiku na mchana, hayatakua"

Ukuaji unaongozwa na homoni zilizomo ndani ya damu, na bandeji haina uwezo wa kuizuia damu isifike. Kufunga hubadili tu jinsi kifua kinavyoonekana kwa saa ambazo kimefungwa. Huko Kamerun baadhi ya akina mama wamekuwa wakikanda vifua vya binti zao kwa mawe ya moto ili wasitamaniwe na wanaume, na kinachopatikana ni kuungua, makovu na maumivu ya muda mrefu.

Hata hivyo mtu anayelazimika kuonekana na kifua bapa kazini hawezi kuambiwa tu "usifunge", kwa hiyo inafaa kueleza tofauti ya kufunga na kufunga. Bandeji ya kunyumbulika, ile tunayouza kwa ajili ya kifundo cha mguu kilichoteguka, imetengenezwa ili izidi kukaza. Ikizungushwa kifuani, kila pumzi inayotoka huipa nafasi ya kubana zaidi, na mbavu hukosa pa kupanukia. Utepe wa gundi wa kufungia katoni huondoka na ngozi. Kinachostahimilika ni nguo iliyoshonwa, kama vile singlendi ya pamba inayobana kiasi au sidiria ya mazoezi iliyo saizi yake, inayomwezesha mtu kuvuta pumzi ndefu na kukohoa bila maumivu. Hata hiyo ivuliwe baada ya kuvaliwa kwa takribani saa 8, wala isilaliwe. Utafiti wa 2017 uliowahusisha watu 1,800 wanaofunga vifua, waliozaliwa wakahesabiwa wanawake, ulikuta kwamba zaidi ya tisa katika kila kumi walikuwa wamepata angalau dhara moja, yakiwemo maumivu ya mgongo, kukosa pumzi na muwasho wa ngozi. Kuli anayebeba magunia ya korosho ghalani huku mbavu zimefungwa anajiongezea mzigo ambao hakulipwa kuubeba.

Kisha kuna joto letu. Kuanzia Novemba hadi Machi, kaskazi inapovuma na hewa kujaa unyevu, jasho linalonaswa chini ya nguo inayobana huzaa harara kwanza na fangasi baadaye, hasa kwenye mkunjo ulio chini ya titi ambao zamani haukuwapo. Nimewahi kuonyeshwa ngozi iliyokuwa nyekundu kupindukia, na mwenyewe alikuwa akiipaka dawa ya meno. Ukweli wake ni mwepesi: kuoga na kukauka kabisa kabla ya kuvaa, kuwa na singlendi mbili ili ya pili ivaliwe mchana, na kulala kifua wazi au kwa fulana pana. Kwa fangasi, krimu ya klotrimazoli ipo katika kila duka, ila haifanyi kazi juu ya ngozi inayofunikwa tena ikiwa mbichi.

"Kila mtu anaona"

Anayeanza kupata kifua hujitazama kwenye kioo mara ishirini kwa siku, akadhani mtaa mzima nao unamtazama hivyo. Jicho la jirani haliko hivyo. Hunasa badiliko la ghafla, na hupitwa na lile linalokuja polepole. Kijana aliyekuwa akivua shati kila jioni ufukweni Shangani, kisha siku moja akaanza kuogelea amevaa, ataulizwa. Yule aliyeanza kuogelea na fulana miezi sita kabla hajawa na cha kuficha hatakumbukwa hata na mtu mmoja. Kwa hiyo mavazi yabadilike kabla ya mwili.

Shati lenye maua, drafti au kitenge huvunja kivuli kinachotupwa na kifua, ilhali fulana nyeupe ya rangi moja hukichora, na ikilowa jasho au mvua hukitangaza. Kitambaa kizito kidogo kinachoning'inia kutoka mabegani ni bora kuliko chepesi kinachonata. Mfuko wa kifuani wenye simu au kalamu husaidia kuliko watu wanavyofikiri. Begi la mgongoni huvuta shati nyuma na kulibana mbele, kwa hiyo libebwe bega moja au mkononi. Mkanda wa gari hufanya vivyo hivyo, lakini huo usivuliwe, afadhali shati livutwe juu yake. Na mabega yasikunjwe mbele: anayetembea ameinama huonekana kama mtu anayeficha kitu, na jioni mgongo humdai.

Nilikuwa sokoni kwenye mitumba nilipomwona mmoja wa wateja wangu akipekua rundo la sidiria za mazoezi, uso umemwiva kwa aibu. Muuzaji alimtazama mara moja tu, akamrushia ya rangi ya kijivu. "Chukua hiyo kaka, ina mpira mzuri, shemeji atafurahi." Akalipa, akashukuru, akaondoka. Dunia haikusimama. Wapo wanaoogopa kwamba kuvaa sidiria hufanya matiti yakue zaidi. La hasha, huyazuia tu yasitikisike, na katika miezi ile ya donge linalouma, mtu anayepanda bodaboda kwenye barabara za vumbi atajua thamani yake.

Tena hata anayeona hana uhakika wa anachokiona, kwa kuwa kifua cha mwanamume kuvimba ni jambo la kawaida kuliko watu wanavyokiri. Madaktari hukiita jinekomastia. Wavulana wengi, pengine nusu yao, hupata uvimbe huo wakati wa balehe, na kwa walio wengi huisha wenyewe ndani ya miezi sita hadi miaka miwili, ingawa nimesikia wazazi wakiwapeleka kwa mganga wakidhani ni jini mahaba. Huwapata pia wazee, wagonjwa wa ini, na watu waliotumia dawa fulani: efavirenzi, iliyokuwa imeenea sana katika mchanganyiko wa dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, ilijulikana kwa hilo, na ketokonazoli ya vidonge vilevile. Anayeulizwa na shangazi mbona kifua kimekuwa hivi anaweza kujibu kwamba ni homoni na kwamba hospitali wanalijua, na hatakuwa amesema uongo.

"Nikiona mambo magumu nitaacha dawa, kifua kirudi"

Hakirudi. Mafuta ya nyonga na ulaini wa ngozi huweza kupungua mtu akiacha estrojeni, lakini tezi za titi zikishakua hubaki, zikasinyaa kidogo tu, na kinachoweza kuziondoa ni upasuaji. Mwenye mashaka ayamalize kabla ya mwezi ule wa tatu.

"Kidonge cha kuzuia homoni ya kiume ni cha kukojoa tu"

Wengi hutumia estrojeni pamoja na spironolaktoni, ambayo ndiyo kidonge hicho cha kuzuia homoni ya kiume, dawa ambayo hospitali hutolewa kwa moyo ulioshindwa kazi na kwa tumbo lililojaa maji kutokana na ini. Ni kweli inaongeza mkojo, tena yenyewe pekee inaweza kuotesha kifua. Kinachosahauliwa ni kwamba huzuia madini ya potasiamu yasitoke mwilini, na potasiamu ikizidi moyo hupoteza mapigo yake, mara nyingine bila dalili yoyote ya kutangulia. Sasa fikiria mtu wa pwani: ana kiu, joto limemzidi, anakunywa madafu matatu kwa mkupuo. Maji ya dafu yana potasiamu nyingi. Dafu moja halitamdhuru mwenye figo nzima, lakini kuyafanya kuwa maji yake ya kila siku ni kosa. Kosa kubwa zaidi ni kuongeza septrini, ambayo huuzwa kama karanga na watu humeza kwa kikohozi chochote, kwa sababu nayo huizuia potasiamu isitoke. Anayetumia spironolaktoni apimwe damu, figo na potasiamu, na amwambie mtoa dawa jina la kidonge hicho hata kama hatasema sababu. Mimi siulizi sababu.

"Saratani ya matiti haimhusu aliyezaliwa mwanamume"

Humhusu hata mwanamume asiyetumia chochote. Takribani mgonjwa 1 kati ya 100 wa saratani hiyo ni mwanamume. Kwa wanaotumia homoni, uchunguzi wa Uholanzi uliotolewa 2019 uliwafuatilia wanawake 2,260 waliobadili jinsia na kukuta 15 waliopata saratani ya titi: wengi kuliko inavyotarajiwa kwa wanaume, wachache kuliko inavyotarajiwa kwa wanawake wengine. Hatari hiyo si ya kumnyima mtu usingizi, lakini inamtaka aujue mwili wake.

Donge la ukuaji hukaa katikati, nyuma ya chuchu, huuma, nalo huteleza chini ya kidole. La kutiliwa shaka kwa kawaida ni gumu, liko pembeni ya chuchu, haliumi, limeshikamana na ngozi au nyama ya chini. Au chuchu imevutwa ndani, au inatoa damu. Majimaji yanayofanana na maziwa nayo si ya kupuuzwa, kwani huweza kuashiria kupanda kwa homoni ya prolaktini. Aliye na lolote kati ya hayo aende hospitali, iwe Ligula hapa Mtwara au Sokoine kule Lindi, aombe kuonwa faragha, na aanze na maneno haya: "Daktari, nina uvimbe kwenye titi, na kuna dawa ninazotumia." Karatasi yenye majina ya dawa na tarehe aliyoanza kuzitumia aiandike nyumbani, aikunje, aitie mfukoni, kwa sababu mbele ya daktari mdomo hukauka.