TV ya gari haishiki chaneli hata moja? Haijafa, soma hapa kwanza kabla hujampa fundi hela

Hili swali naulizwa kila mahali, hata msibani, mtu akishajua tu nafanya kazi kwenye mambo ya mitambo ya utangazaji basi. "Kaka, nimetoa gari bandarini juzi, lina TV kali pale kwenye dashibodi, nasachi weee haishiki kitu, itakuwa imeungua?" Haijaungua. Hiyo TV imetengenezwa ishike matangazo ya Japani na wewe uko Kimara.

Tuanzie nyuma kidogo. Dar es Salaam mitambo ya analojia ilizimwa tarehe 31 Disemba 2012, mwaka 2013 ikafuata miji mingine, Dodoma, Tanga, Mwanza, Arusha, Moshi, Mbeya. Kabla ya hapo ulikuwa na kiTV chako cha antena ya kuvuta unakichomeka kwenye sigara ya gari, chenga kibao lakini mpira unauona. Mitambo ilipozimwa vile viTV vyote vikakosa cha kushika, na zile simu za Kichina za antena pia ndo zikaishia hapo upande wa TV.

Sasa wengi wananijibu, mbona yangu ni dijitali, imeandikwa kabisa? Ni kweli ni dijitali, ila dijitali ziko za aina aina. Wajapani wanatumia mfumo unaoitwa ISDB-T, na wao sehemu kubwa ya nchi walizima analojia Julai 2011, ndo maana magari yao mengi ya miaka ya karibuni yanakuja na TV ya dijitali ya kwao. Sisi tunatumia DVB-T2. Chaneli moja ya mawimbi kwao ina upana wa 6 MHz, kwetu 8, na namna picha inavyofungwa ndani ya mawimbi ni tofauti kabisa, hivyo hata fundi akikutolea ile menyu ya Kijapani akakuwekea Kiingereza umepata lugha tu, chaneli hupati. Usifananishe na redio. Redio fundi anakuwekea konveta unasikiliza vizuri kwa sababu FM ni FM, kinachosogezwa ni masafa tu. TV haina konveta ya hivyo. Hata ukiliendesha gari mpaka Botswana, waliochagua mfumo wa Kijapani, usitegemee, maana wao chaneli zao ni za 8 MHz kama zetu.

Kinachofanya kazi ni kutumia ile skrini kama skrini tu, halafu unaweka king'amuzi cha gari cha DVB-T2 unakiunga kwenye njia ya AV, yaani tundu la kuingizia picha na sauti, redio nyingi za Kijapani imeandikwa VTR. Nasema king'amuzi cha gari makusudi, maana kuna watu wanabeba kile cha sebuleni. Cha sebuleni kimezoea antena iliyotulia juu ya bati imeutazama mnara, gari likikata kona mbili tatu mawimbi yanakuja yamegonga maghorofa na malori, tena yanabadilika kila sekunde. Na dijitali haina chenga, ikizidiwa picha inaganda, inakatika vipande vipande, kisha kiza. Ving'amuzi vizuri vya gari vina antena mbili au zaidi, moja ikipoteza nyingine inashika. Antena ziwe kwenye kioo au juu ya paa, usizifiche ndani ya dashibodi, mabati yanazuia mawimbi, na tinted zenye chuma ndani nazo zinazuia.

Umeme pia uangalie, gari dogo ni volti 12 ila basi na lori ni 24, ukichomeka kifaa cha 12 moja kwa moja kwenye basi utanusa moshi kabla ya taarifa ya habari.

Dishi je? Sahau. Dishi linatakiwa liitazame setilaiti bila kuyumba, zipo antena zinazojizungusha zenyewe gari likitembea ila bei yake si ya daladala. Na hata hicho king'amuzi cha DVB-T2, ukishaacha mji nyuma picha inapotea, ukiingia mji mwingine mara nyingi inabidi usachi upya kwa sababu masafa ya kule ni mengine. Ndo maana mabasi ya mikoani yanaweka flashi.

Halafu skrini ya mbele. Nyingi zinajizima picha gari likianza kutembea, sasa kuna mafundi wanaunga waya wa handibreki ili dereva aendelee kuona, wanaita "kufungua TV". Ukiwa spidi 80 gari linakula mita 22 kwa sekunde moja, ukitupia jicho penalti sekunde mbili tu umeshapita mita 44 huoni mbele. Usiunge, abiria wawekee skrini ya nyuma.

Na ukienda kununua usikubali kuonyeshwa gari likiwa limepaki mlangoni pa duka. Mwambie fundi apande mzunguke naye barabarani robo saa, picha ikikaa ndo utoe hela.