Kwa nini pedali ya kushoto ina hesi ya kinyume

Mafundi wengi huamini kwamba pedali hukazwa na msuguano wa gololi zake, na kwamba ndiyo sababu pedali ya kushoto hupewa hesi (mifereji ya skrubu) ya kinyume, yaani inayokazwa kinyume na mwendo wa mshale wa saa, tofauti na ya kulia. Maelezo hayo si sahihi. Ukiitazama baiskeli kwa upande wa kulia, krenki, yaani mkono unaobeba pedali, hufuata mwendo wa mshale wa saa, ilhali pedali, kwa kuwa hubaki bapa chini ya wayo, huzunguka kinyume ikilinganishwa na krenki. Kwa hiyo msuguano, japo ni mdogo, huvuta kufungua. Ndiyo maana pedali ambayo gololi zake zimeganda kwa kutu hujifungua yenyewe njiani.

Kinachokaza ni uzito wa mguu. Kati ya hesi za ekseli (mhimili wa pedali) na za krenki pana nafasi ndogo mno, na mguu unapokandamiza, ekseli hubingirika taratibu ndani ya tundu lake kuelekea upande wa kukaza. Shika penseli katika ngumi iliyolegea, zungusha ncha yake kwa duara, nawe utaiona ikijiviringisha kinyume.

Kwenye baiskeli ya gurudumu moja jambo hili ni zito zaidi, kwa sababu gurudumu huingia kwenye fremu hata likigeuzwa. Likigeuzwa, krenki ya kushoto huwa kulia, pedali hulegea, na hesi laini za alumini huliwa kabla mwendeshaji hajashtuka. Kabla ya kufunga habu, yaani kitovu cha gurudumu, tafuta herufi R kwenye ekseli ya pedali: mahali pake ni kulia.