Mtaa wa mpango si safu ya viwanja

Mwezi uliopita mtoto wa ami yangu alikuja barazani kwetu Mkomani, mtaa wa kale wa mji wa Lamu, ambao wenyewe twauita Amu, baada ya sala ya alasiri, mkononi ana karatasi aliyopewa na dalali wa ardhi ng'ambo bara, upande wa Mokowe. Akaikunjua juu ya jiwe la baraza, nami nikaona mistatili midogo iliyobanana kama matofali, kila mmoja na nambari yake, futi 50 kwa 100, na njia moja iliyonyooka katikati. "Huu ni mtaa wa mpango," akaniambia kwa furaha, "si kama huku kwetu tulikojijengea tu." Nilimpongeza kwa kiwanja, maana kupata ardhi yenye hati katika kaunti yetu si jambo dogo, lakini neno lile halikunitoka kichwani. Nimelisikia likitumiwa hivyo hivyo Malindi, na nimelisoma kwenye mabango ya kando ya barabara mara nyingi mno, hata nimeona bora lielezwe.

Mtaa wa mpango ni mtaa ambao umbo lake lote, yaani njia, viwanja, shule, soko, mahali pa ibada, mifereji na nafasi za wazi, limeamuliwa kwa pamoja na mamlaka au kampuni moja kabla nyumba ya kwanza haijajengwa, kisha ukajengwa kwa kufuata uamuzi huo. Kwa kawaida huwa pembezoni mwa mji, kwa kuwa huko ndiko hupatikana ardhi kubwa iliyo tupu na iliyo chini ya mkono mmoja. Maana ni hiyo tu, na haisemi kama mtaa huo ni mzuri au mbaya.

Kinachotupoteza, kwa maoni yangu, ni kitenzi chenyewe. Kupanga kuna kazi nyingi katika Kiswahili. Mama hupanga vyombo kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, imamu husubiri watu wapange safu, kijana aliyeoa hupanga chumba Langoni kwa kodi ya mwezi, na familia hupanga safari ya kwenda maulidini. Hata mpangaji ni watu wawili: yule anayelipa kodi na yule anayechora mji. Sasa tazama tofauti iliyopo kati ya vyombo na safari. Anayepanga vyombo, vyombo anavyo tayari, na kazi yake ni kuviweka kwa mstari unaopendeza macho. Anayepanga safari anaamua juu ya jambo ambalo bado halijawa: chombo kitang'oa nanga lini, maji ya kunywa yatatosha siku ngapi, nani atabaki na watoto. Mtaa wa mpango umo katika maana ya safari. Sisi tunausikia kwa maana ya vyombo, na ndiyo maana tukiona mistari iliyonyooka na vigingi vya saruji tunasema mtaa umepangwa, ilhali kilichofanyika ni shamba kukatwa vipande na mpima ardhi akaweka mipaka. Nilimuuliza ndugu yangu maji ya mvua yatapita wapi kwenye karatasi yake. Akaitazama, akaigeuza, akanijibu kwamba kila mtu atajua na kiwanja chake. Shule haikuwemo, wala msikiti, wala kisima.

Kuna neno jingine ambalo naona tumeliacha bila sababu, nalo ni kiunga. Wengi wetu tukisikia Kiunga tunafikiria mji ule wa kaskazini karibu na mpaka wa Somalia, lakini kiunga ni eneo la pembezoni mwa mji, na pia ni shamba la miti ya matunda lililo karibu na mji. Mimi husikia ndani yake kuunga, mahali mji unapoungana na mashamba. Kitongoji nalo lilikuwa neno safi, ila tangu liandamane na "duni" katika habari za Nairobi, watu huliona kama tusi. Kwa hiyo mtaa wa mpango ulio nje ya mji ungeweza kuitwa kiunga cha mpango, na jina hilo lingekuwa karibu sana na fikra iliyouzaa.

Fikra yenyewe ina tarehe. Mwaka 1898 Mwingereza aitwaye Ebenezer Howard, ambaye kazi yake ilikuwa kuandika hati mkato bungeni, alipendekeza mji wa watu 32,000 kwenye ekari 6,000, ambamo ekari 1,000 tu zingejengwa na zilizobaki zingekuwa mashamba ya kuuzunguka mji. Ardhi ingemilikiwa kwa pamoja, ili faida ya kupanda kwa thamani yake irudi kwa wakaaji. Letchworth ulianza kujengwa mwaka 1903 kwa kufuata rai hiyo. Mwaka 1929 Mmarekani Clarence Perry akaja na wazo la mtaa unaoizunguka shule ya msingi, uwe na ukubwa wa kumwezesha mtoto kwenda shule kwa miguu bila kuvuka barabara kuu. Wazo hilo lilifika kwetu: mpango mkuu wa Nairobi wa mwaka 1948 uliugawa mji kwa mitaa ya namna hiyo.

Anayetaka kuona mtaa wa mpango kwa macho yake na aende Buruburu, mashariki mwa Nairobi. Ulijengwa kwa awamu tano kuanzia miaka ya 1970 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, ukakusudiwa watu wa kipato cha kati, nyumba zake zikakusanywa kwa makundi kwenye vijia visivyotokea upande wa pili, ili magari ya kupita yasiingie walipo watoto. Nyumba zilifanana, na ziliachiwa nafasi ya kuongezwa vyumba. Wenyeji waliziongeza kweli, kuliko alivyowaza mchoraji: bustani za mbele zikawa maduka, saluni na vyumba vya kupangisha. Leo Buruburu haifanani na mchoro wake, lakini bado ni mtaa wa mpango, kwa sababu jina linatokana na jinsi ulivyozaliwa.

Nasisitiza kwamba jina hili si sifa. Levittown ya New York, iliyoanza mwaka 1947 na kufikia nyumba zaidi ya 17,000, ilipangwa kwa ustadi mkubwa, na katika mkataba wake wa mwanzo kulikuwa na sharti kwamba nyumba zisikaliwe na asiye mzungu. Hilo nalo lilikuwa sehemu ya mpango. Anayeamua njia ipite wapi anaweza pia kuamua nani asipite.

Ndiyo maana sikubaliani pia na wale wanaotutetea sisi wa Amu kwa kudai kwamba Mkomani ni mtaa wa mpango. Si kweli, na hatuhitaji kudai hivyo. Hakuna aliyeketi akaichora Mkomani. Baba alimjengea binti yake nyumba ubavuni mwa nyumba yake, akarusha wikio, yaani kivuko cha kuunganisha nyumba mbili, juu ya njia ili wanawake wapite chumba hadi chumba bila kushuka, jirani akaacha upana wa punda na mzigo wake, na daka, ukumbi mdogo wa mlangoni, likawekwa ili mgeni akae kivulini bila kuingia ndani. Mvua ikinyesha, maji hushuka kwenye vijia hadi Usita wa Mui, njia kuu ya mji, na kuishia pwani, kwa kuwa kila aliyejenga aliuheshimu mteremko. Huo ni utaratibu uliokua nyumba baada ya nyumba, na UNESCO walipouweka mji huu katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, hawakuhitaji kuuona mchoro wowote.

Nilimweleza ndugu yangu haya kwa upole, maana fedha alikwisha lipa. Alichonunua ni kiwanja kilichopimwa, na kiwanja kilichopimwa chenye hati ni mali. Nilimwomba tu akiite hivyo, na kwamba kabla ya kumwaga msingi wakutane, yeye na wenziwe wa zile nambari nyingine, waamue maji yatapita wapi na ni kiwanja kipi watakiacha bila nyumba. Alikunja karatasi yake, akaniambia anamjua mwenye nambari 14.