Mbuzi Wako Hana Baridi, Amekosa Hewa

"Bwana mifugo, nimewaziba vizuri kabisa, lakini bado wanakohoa. Niongeze turubai?"

Simu hiyo niliipokea mwezi wa saba, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mswaki ukiwa bado mdomoni. (Mimi ni mama wa watoto watatu, lakini huku kwetu kila anayechanja mbuzi ni bwana mifugo. Nimeshazoea.) Aliyepiga ni babu mmoja wa vijiji vya juu, njia ya Newala, mkoani Mtwara, mwenye mbuzi kumi na mmoja anaowadekeza kuliko wajukuu. Nikapanda bodaboda. Banda lenyewe ni la mbao na ni zuri: nguzo zimenyooka, kichanja (ile sakafu ya fito wanayolalia) kimeinuka, fundi alijua kazi. Shida ni kwamba fundi alipoondoka, babu aliendelea na ujenzi peke yake. Mifuko mitupu ya salfa, ile dawa ya mikorosho, upande wa kaskazini, turubai la bluu upande wa kusini, magunia mashariki, na mlangoni akatundika blanketi. Blanketi!

Niliingia nikapiga magoti mpaka pua yangu ikawa sawa na pua ya mbuzi aliyelala. Nilifika kuhesabu kumi na nne, machozi yakaanza kunitoka. Babu akadhani nawalilia mbuzi wake.

Hii ni mara ya nne mwaka huu. Kwa hiyo naandika, kusudi atakayenipigia tena nimtumie hii, na mimi nimalize kupiga mswaki.

Mbuzi aliyeshiba na aliye mkavu haogopi baridi ya Newala. Mwili wake una joto la nyuzi 39 hivi, na ndani ya tumbo lake kubwa majani yanachachuka usiku kucha yakitoa joto. Anatembea na jiko lake. Wewe unayetetemeka uani alfajiri umevaa shati moja na hujatia kitu tumboni tangu jana jioni. Usimpimie mbuzi kwa ngozi yako. Kinachommaliza ni kulowa, na kuvuta mkojo wake mwenyewe kuanzia magharibi hadi asubuhi.

Hapo kwenye mkojo ndipo watu wananikatalia. Mkojo una urea. Ukichanganyika na kinyesi, bakteria wanaivunja na inatoka amonia, ile inayokuchoma pua ukifungua choo kilichokaa kimefungwa. Amonia inachubua njia ya hewa, halafu vijidudu ambavyo mbuzi wengi wanaishi navyo puani bila neno vinapata njia ya kushuka mapafuni. Ongeza pumzi za mbuzi kumi na mmoja zisizo na pa kutokea: mvuke unapanda, unagusa bati lililopoa, unageuka maji na kuwadondokea migongoni. Umeziba ili wasilowe, sasa wanaloweshwa kutoka ndani. Na wewe ukisimama mlangoni hunusi kitu cha ajabu kwa sababu pua yako iko juu huko. Ya kwake iko kwenye fito za sakafu.

Uingereza, nchi ya theluji, farasi wanaoachwa malishoni hujengewa kibanda cha mbao chenye kuta tatu tu. Upande wa nne uko wazi, na kibanda kinageuzwa ili ukuta wa nyuma upokee upepo unaovuma zaidi. Mvua ikija wanaingia, jua na nzi wakizidi wanaingia, wakichoka wanatoka wenyewe. Najua tumbo la farasi si la mbuzi, msiniandikie. Mapafu ni mapafu.

Wengine wananijia kwa upande wa pili: mbona wale wafugaji walioletwa Lindi na Kilwa walipoondolewa bonde la Ihefu, Mbeya, miaka ya 2006 na 2007 hawana mabanda, mbuzi wao wanalala kwenye boma la miiba na wanazaa? Kweli. Nimekaa kwenye maboma hayo asubuhi na sijasikia kikohozi kama cha kwa babu. Hewa wanayo tele. Wanachokosa ni ukavu, na mvua zikikolea utawaona wanachechemea kwa kuoza kwato na vitoto vinaharisha. Lakini ukinilazimisha kuchagua kati ya boma la miiba na sanduku la turubai, nachukua miiba.

Sasa tufike kwenye linalonitoa jasho. Upepo na hewa si kitu kimoja! Upepo mbaya ni ule unaopita kwenye mwili wa mbuzi aliyelala, hasa akiwa amelowa au ana siku tatu tangu azaliwe. Hewa ni ile inayopita juu ya mgongo wake ikizoa mvuke na harufu. Vyote viwili vinapita kwenye banda hilohilo, ila kwa kimo tofauti. Mbuzi wetu wa kienyeji akisimama, mgongo wake unafika sentimita 60 hivi. Basi upande unaopigwa na kusi, ule upepo wa kusini, ukuta wa mbao ujae kuanzia sakafuni hadi mita moja. Kutoka hapo mpaka kwenye paa acha wazi, ukitaka piga fito za kusimama kwa ajili ya mwizi na chui. Pande nyingine fito tupu zinatosha. Fundi akikuuliza, "Sasa huku juu tunamalizia na nini?" mwambie na hewa. Nilishatoa jibu hilo mahali fulani, nikarudi baada ya wiki, nikakuta wamemalizia na bati.

"Na mvua ya upepo je?" Mvua inazuiwa na upenu. Paa likichomoza sentimita 80 nje ya nguzo, matone mengi yanaangukia nje. Ndiyo, upenu mrefu ndio upepo unaoushika kwanza, na tangu Kimbunga Hidaya kipite Mei 2024 kila mtu ananiuliza hilo, na ana haki. Funga pau kwenye nguzo kwa waya, usitegemee misumari peke yake. Hiyo inatosha kwa upepo wa kawaida. Kwa kimbunga sina banda la mbuzi ninaloweza kukuahidi.

Kuhusu uelekeo, mwongozo unasema urefu wa banda ulale mashariki na magharibi, jua lisiingie sana. Nimeufuata miaka mingi, na siku hizi nausitasitia. Ukilaza hivyo, ubavu mrefu unakaa uso kwa uso na kusi kwa miezi ya baridi, halafu mvua za Desemba hadi Machi zinaweza kuja na kaskazi, upepo wa kaskazini, upande wa pili. Pwani, Mikindani au Msimbati, upepo huo ni zawadi kwa joto lile. Juu ya uwanda, kama Newala, ni mjadala. Kwa hiyo nikifika kwa mtu namuuliza kwanza: jioni harufu ya choo chenu inaelekea wapi? Wanacheka, lakini wote wanajua jibu, na jibu hilo linanisaidia kuliko dira.

Kichanja kiwe mita moja hadi moja na nusu kutoka ardhini, uweze kuingiza reki na kuvuta samadi bila kuvunja kiuno. Nafasi kati ya fito iwe sentimita 1.5 hadi 2. Hivyo ndivyo ilivyoandikwa. Aliyeandika alikuwa na mbao zilizopasuliwa kwa msumeno wa mashine. Wewe una mianzi na fito za porini, nene huku nyembamba kule, na zikikauka ile nafasi ya sentimita 2 inakuwa 4. Kwenye banda nililolisimamia mwenyewe, upande wa Nanyamba, kitoto cha siku mbili kilipitisha mguu wa nyuma, mama yake akakisukuma, mguu ukavunjika. Mwenye mbuzi hakunilaumu. Ningefurahi angenilaumu. Tangu hapo kona ya mbuzi waliozaa naipigia mbao zilizobanana, nafasi sentimita 1 tu, ingawa mkojo hautoki vizuri na lazima pafagiliwe kila siku.

Halafu kuna jambo ambalo vipeperushi hulipita kimyakimya: kusi inapita pia chini ya kichanja, inapanda kwenye matumbo ya vitoto. Hao ndio pekee ninaowaonea huruma ya baridi. Nawawekea kasha la mbao lenye nyasi kavu kwa wiki mbili za mwanzo. Nyasi zinashika mkojo, mkojo unaleta amonia, tumerudi palepale. Nimejaribu kubadilisha nyasi kila siku, nimejaribu kila siku ya tatu, na sijaridhika na hata njia moja. Na kwenye mchanga wa pwani unaonyonya maji haraka, mtu mwenye mbuzi watatu simlazimishi kichanja hata kidogo, mradi anafagia na paa halivuji. Wenzangu wa ofisini wakisoma hapa watanisuta.

Mbao gani? Unayoimudu na yenye kibali. Mikoko inadumu lakini haikatwi hovyo, usiniingize kwenye kesi. Mti wa mkorosho ni wa kuni. Mchwa wataugeuza unga kabla beberu hajakomaa. Sehemu ya nguzo inayozama ardhini ichome moto kidogo, kisha ipake mafuta ya maganda ya korosho, mchwa hawayapendi. Yanaunguza ngozi, kwa hiyo vaa glavu na usiyapake juu ya usawa wa ardhi. Oili chafu ya gari siiruhusu popote ulimi wa mbuzi unapofika, na ulimi wa mbuzi unafika kila mahali. Paa la makuti ni la baridi zaidi. La bati linadumu ila liinuliwe juu, vinginevyo saa nane mchana umejenga tanuri.

Siku jirani anapuliza salfa kwenye mikorosho, wahamishie upande unakotoka upepo. Na tusidanganyane, banda halizuii sotoka ya mbuzi na kondoo. Ugonjwa huo ulithibitishwa nchini mwaka 2008 huko kaskazini, na haukuchukua miaka mingi kufika Newala na Tandahimba. Unazuiwa kwa chanjo, na kwa kumtenga mbuzi mpya wa mnadani wiki tatu kabla hajalala na wenzake. Banda zuri ukimwingizia mbuzi mgonjwa linawaambukiza wote kwa pamoja, tena kwa starehe.

Kwa babu nilianza na blanketi, nikalikunja nikamrudishia bibi, ambaye alionekana kulitafuta siku nyingi. Kisha magunia, kisha mifuko. Turubai la kusi tulilikata, tukabakiza mita moja ya chini mpaka apate mbao. Babu alisimama na mikono nyuma.

"Mwanangu, wakifa je?"

"Wakifa, babu, si utanipigia simu kama kawaida?"

Alipiga siku ya tatu, saa tano usiku. Upepo ulikuwa unavuma hata kwangu.

"Kusi kali," akasema.

"Wanafanya nini?"

Nikasikia ndara, nikasikia komeo la mlango. Kimya. "Wamelala. Wanacheua."

Mbuzi anayecheua hana baridi, nikamwambia, akalale na yeye.

Mwezi wa kumi nilipita tena njia ile. Kile kipande kikubwa cha turubai kimetandazwa uani na korosho zinaanikwa juu yake. Mbao za kusi zimeshapigwa, mita moja, hajaongeza hata ubao. Mbuzi tisa kifua safi. Wawili bado wanakohoa asubuhi wakikimbia, na hao siwezi tena kulisingizia banda; nahisi ni minyoo ya mapafu. Nimechukua kinyesi chao kwenda kupima.