Je, wajua kwa nini alumini iliwahi kuuzwa kwa bei inayokaribia ya madini ya fedha?

Mwaka 1884, mnara wa kumkumbuka George Washington ulipokamilika katika mji mkuu wa Marekani, kileleni kiliwekwa kipande cha alumini cha kilo 2.8 hivi. Ilikuwa fahari kweli! Sufuria ya alumini ya siku hizo, kama ingekuwepo, isingesogezwa jikoni.

Wala haikuwa adimu. Hakuna metali iliyo nyingi kuizidi katika gamba la dunia. Hata udongo wa mfinyanzi unayo. Tatizo ni jinsi ilivyoshikamana na oksijeni. Chuma huachana na oksijeni kikichomwa pamoja na mkaa, alumini haibanduki. Iliyokuwepo ilitolewa kwa sodiamu, nayo ilikuwa ghali. Umeme ungeitenganisha, ila oksidi yake, yaani alumini iliyoungana na oksijeni, lazima iyeyuke kwanza, na huyeyuka kwenye zaidi ya nyuzi 2,000 za Selsiasi.

Charles Martin Hall, kijana wa miaka 22 aliyekuwa ametoka kuhitimu Chuo cha Oberlin, Ohio, alijifungia na kazi hiyo katika banda la kuni la kwao, kwa betri za kujitengenezea. Dada yake Julia, aliyesoma kemia chuo hichohicho, alikuwa karibu. Hall aligundua kwamba krayolaiti, jiwe lililochimbwa Greenland, likiyeyushwa kwenye nyuzi 1,000 hivi huyeyusha ile oksidi ndani yake. Akapitisha umeme. Akapata uchafu wa kijivu tu: chungu chake kilikuwa cha udongo, na silika (madini yaliyomo mchangani) ya udongo huo ilikuwa ikiingia kwenye mchanganyiko. Akakizungushia kaboni ndani. Tarehe 23 Februari 1886 akaona chini ya chungu vijitufe vinavyong'aa.

Mwaka huohuo Mfaransa Paul Héroult, rika lake hasa, alifikia njia ileile bila wao kujuana. Hati ya ugunduzi ya Marekani ilimwendea Hall mwaka 1889, na kumbukumbu za Julia kuhusu tarehe za majaribio zilimsaidia. Jina la Julia, kwa bahati mbaya, husahaulika. Miaka ya 1890 ratili moja ya alumini ilishuka chini ya dola 1.

Njia hiyo ndiyo inayotumika hadi leo, nayo inakula umeme kupindukia. Ndiyo maana Ghana ilipojenga bwawa la Akosombo miaka ya 1960, mteja wake mkubwa alikuwa kiwanda cha alumini cha Tema.