Kuchepusha mashapo si kuhamisha mto

Wiki hii nimesikia tena mtu akieleza redioni kwamba Marekani ilitaka "kuuhamisha mto Mississippi" ili kuiokoa pwani ya Louisiana. Hapana. Kilichobishaniwa ni kuchepusha mashapo: unakata tuta la mto, unaweka milango, na mto ukijaa unaruhusu sehemu ya maji yenye tope iingie kwenye vinamasi vinavyoliwa na bahari, tope litulie humo liwe ardhi. Maana yake ni hiyo tu.

Nadhani kosa linaanzia barabarani. Tumezoea njia ya mchepuko: barabara kuu imefungwa, magari yote yanapita pembeni kwenye vumbi. Na pale Rufiji mto wote kweli ulichepushwa handakini mwaka 2020 ili bwawa la umeme lijengwe. Lakini Mid-Barataria, mradi wenyewe, ulipangwa kupitisha mita za ujazo 2,100 hivi kwa sekunde, basi, na milango isingefunguliwa sana kabla mto haujapitisha 12,700. Mississippi ungebaki palepale.

Neno zito hapa ni mashapo, yaani kile kinachotuama chini, kama cha tembo la mnazi mtungini. Kinga maji ya mto Sabaki kwenye glasi wakati wa masika, uyaache dirishani hadi asubuhi: juu maji, chini tope jekundu laini kama unga. Tope hilohilo limeusogeza mbele ufuo wa Malindi. Louisiana nayo ilijengwa hivyo kwa maelfu ya miaka, mpaka matuta yaliyoimarishwa baada ya mafuriko ya 1927 yakaufungia mto, mashapo yakawa yanaishia kwenye kilindi cha bahari. Tangu miaka ya 1930 jimbo limepoteza kilomita za mraba zipatazo 5,000.

Ndiyo maana huudhika lango la Caernarvon, la mto huohuo, likitolewa mfano wa kuchepusha mashapo. Lango lile lilianza kazi 1991 kupeleka maji ya mto yasiyo na chumvi, kupunguza chumvi ya vinamasi. Halikujengwa kwa ajili ya kuotesha ardhi. Mchanga hutembea karibu na sakafu ya mto, kwa hiyo ukichota maji ya juujuu unapata maji. Lango la Bonnet Carré nalo ni la kuinusuru New Orleans na mafuriko. Mwaka 2019 lilifunguliwa mara mbili, na chaza wakafa kwa wingi.

Mvuvi wa chaza anayeukumbuka mwaka ule ana haki ya kuogopa, hata kama ametaja lango lisilohusika. Mashapo hayasafiri makavu. Huja na maji yasiyo na chumvi, na chaza hana pa kukimbilia. Hapo watetezi wa mradi nao hukosea, wanaposema "kurudisha udongo" kana kwamba utashushwa na lori. Kuchimba udongo na kuusukuma kwa bomba ni kazi nyingine: ardhi inaonekana upesi, kisha inaanza kudidimia bila mto wa kuilisha.

Ujenzi ulianza Agosti 2023, kwa fedha zilizolipwa kutokana na mafuta yaliyomwagika Ghuba ya Meksiko 2010. Julai 2025 jimbo likaufuta mradi. Ubishi bado upo, na utarudi kila mahali penye delta inayomeguka. Basi ukiueleza, sema mashapo, usiseme mto. Na ukishasema mashapo, taja na maji yanayoyabeba.