Je, wajua ndege nzito za mabomu ziliwezaje kuruka kutoka melini mwaka 1942?

Aprili 18, 1942, miezi minne baada ya Japani kuishambulia Pearl Harbor, kambi ya wanamaji wa Marekani huko Hawaii, ndege 16 za Marekani aina ya B-25 ziliruka kutoka kwenye Hornet, meli ya kubebea ndege, katikati ya bahari ya Pasifiki, kwenda kupiga Tokyo na miji mingine. Zilikuwa ndege za jeshi la nchi kavu, zilizozoea viwanja virefu. Mkuu wa msafara, Luteni Kanali James Doolittle, ndiye aliyekuwa mbele kabisa ya foleni, kwa hiyo alipata sitaha fupi kuliko wenzake wote: mita 142 hivi.

Zilirukaje? Kwa upepo. Kinachoinyanyua ndege ni hewa inayopita kwenye mabawa. Magurudumu yanakwenda mbio kiasi gani si hoja. Siku hiyo bahari ilikuwa imechafuka, na Hornet ikaelekezwa kwenye upepo wa mbisho, injini zikiisukuma mbele. Kasi ya meli ikajumlika na ya upepo, hata ndege iliyosimama tuli ikawa inapigwa na hewa kali mabawani. Afisa mwenye bendera alimwachia rubani pale omo, yaani sehemu ya mbele ya meli, inapoinama, ili ndege ifike ukingoni omo ikiwa inapanda. Sitahani palichorwa mistari miwili myeupe, mmoja wa gurudumu la mbele na mwingine wa gurudumu la kushoto. Ukiifuata, bawa la kulia linaupita mnara wa meli bila kuugusa. Zote 16 zilipaa.

Bunduki za chini ya tumbo zilikuwa zimeng'olewa, yakaongezwa matangi ya mafuta. Mkiani wakachomeka mipini ya fagio iliyopakwa rangi nyeusi, adui adhani ni bunduki!

Kurudi melini ndiko kulikoshindikana. B-25 haikuwa na ndoana ya kunasa kamba za sitaha, na hutua kwa kasi kubwa mno. Mpango ulikuwa wapige, kisha wapitilize hadi China. Lakini asubuhi ile mashua ya doria ya Kijapani iliwaona, wakalazimika kuruka mapema, wakiwa mbali zaidi ya walivyopanga kwa kilomita 300 na ushei. Mafuta hayakutosha. Ndege 15 ziliangukia China na pwani yake, nyingi baada ya watu kuruka kwa miavuli usiku, na moja ikatua karibu na Vladivostok, katika Muungano wa Kisovieti. Kati ya wanajeshi 80, watatu walikufa usiku huo na wanane wakatekwa. Watatu kati ya mateka hao walipigwa risasi, Oktoba 1942, na mwingine akafia kifungoni.

Hasara waliyoitia Japani ilikuwa ndogo, na Doolittle alitarajia kushtakiwa kijeshi kwa kupoteza ndege zote. Akapewa nishani ya juu kabisa ya nchi yake. Waliolipa gharama ni wanakijiji wa majimbo ya Zhejiang na Jiangxi, China, waliowaficha marubani: jeshi la Japani lilipita huko likilipiza kisasi, na makadirio ya China yanafika watu 250,000 waliouawa.